Chuma cha Mguu wa Kalisti

Kaka yangu Kalisti alikuwa mtu mgumu kuishi naye, na anayesema vinginevyo hakupata kuishi naye. Ukimwambia pazia la studio limechakaa, anakuambia macho yako ndiyo yamechakaa. Ukimpelekea chai ya moto, ni ya moto mno. Ukiipoza, imekuwa maji ya kusafishia picha. Mgahawa wangu ulikuwa mlango wa pili kutoka studio yake, pale Sumbawanga karibu na soko, na kwa miaka tisa nilimlisha, nikamfulia, nikagombana naye kila siku isipokuwa Ijumaa Kuu.

Tulizaliwa Mpui. Yeye ananitangulia miaka minne. Homa ilimpata akiwa na miaka mitatu, ikamwachia mguu wa kushoto uliokataa kukua, mwembamba kama mpini wa jembe. Mama alimbeba mgongoni hadi akawa na miaka minane, na nadhani hapo ndipo alipoanza kuchukia migongo ya watu. Baadaye alitengenezewa chuma huko Mbeya: fito mbili zilizoshuka pande zote za mguu toka pajani hadi kwenye kiatu, zikiwa na bawaba gotini na mikanda mitatu ya ngozi. Kwa chuma kile na gongo moja la mninga aliweza kwenda popote. Alikiita mwenzangu. Asubuhi ungemsikia kupitia ukutani: "Mwenzangu yuko wapi?"

Kazi ya picha alijifunza misheni. Wenzake walipokuwa wakilima shamba la shule, yeye alifungiwa katika chumba cha giza na bruda mmoja mkimya, na akatoka huko fundi. Mwaka themanini na saba akafungua studio yake. Ukutani alitundika pazia lililochorwa ndege, mlango uko wazi na ngazi imeshushwa, na watu walikuja toka vijiji vya mbali wapigwe picha wakipanda ndege. Wakija wazee, Kalisti alikuwa akiegemeza gongo ukutani kwanza ili mikono yake miwili iwe huru. Sisi Wafipa mkubwa humsalimii umemsimamia kama mlingoti. Unainama, unapiga makofi taratibu, unauliza habari za nyumbani hadi ziishe, naye anauliza zako. Kalisti hakuweza kuinama vizuri, lakini makofi yake yalisikika hadi kwangu jikoni.

Halafu ikaja ruksa ya biashara huria. Kila kitu ruksa. Malori yakaanza kupanda toka Tunduma na mitumba, redio, sabuni zenye harufu na kamera ndogo za rangi ambazo hata mlevi angeweza kupiga nazo. Kijana mmoja, Limbu, ambaye wazazi wake walihamia bondeni na ng'ombe wao toka Shinyanga, akanunua kamera na baiskeli, akawa anawafuata watu kanisani, harusini, mnadani. Watu wakagundua kuwa hawataki tena kupanda ndege ya pazia. Wanataka kupigwa nje, kwenye maua, kwenye kilima, wameegemea gari la mtu. Kalisti angewafuataje? Alibaki na picha za pasipoti na za kitambulisho, na wazee wachache waliokuwa bado wanaipenda ndege.

Ningesema ni Limbu aliyemmaliza, lakini huo ungekuwa uongo. Mwaka wa tisini na sita Kalisti alikuwa ametimiza miaka thelathini na tisa, na mikono yake ikaanza kutetemeka. Mguu wake mzima nao ukawa unamsaliti. Daktari alimweleza kwamba kwa baadhi ya watu waliopata ugonjwa ule utotoni, nguvu iliyobaki nayo hufika siku ikachoka, na kwamba aache safari za mbali. Kalisti aliniambia daktari kasema anywe maziwa. Ukweli niliujua siku aliyoanguka chumba cha giza, na beseni la dawa likamwagikia kifuani, akakaa chini kwenye lile giza nusu saa nzima bila kuniita. Mficha maradhi kifo humuumbua, ila yeye alikuwa anayaficha hata asiyaone yeye mwenyewe.

Ni mimi niliyempelekea habari kaka yetu mkubwa, Gabriel. Naliandika hili mapema ili msije mkanihurumia mbele ya safari.

Gabriel alikuja toka Mpui siku ya Jumapili, akakaa mgahawani kwangu na kofia yake gotini.

"Kalisti, mdogo wangu, rudi nyumbani," alisema. "Nyumba ipo, chakula kipo. Utakuwa unaangalia ulezi ukianikwa, mbuzi wasile. Kazi ya heshima tu."

"Kufukuza mbuzi."

"Kuna ubaya gani? Huku siku moja utaanguka barabarani na lori likupitie. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Langu lilivunjika kabla sijajifunza kusikia, kaka."

Nilicheka. Gabriel hakucheka. Walibishana hadi chai ikapoa, na mwisho Gabriel, ambaye si mtu mbaya, akatoa sharti lake. Alisema: maadamu Kalisti anakwenda kazini kwake na kurudi kwa miguu yake mwenyewe, abaki mjini, yeye hana neno. Lakini siku atakayosikia Kalisti amebebwa mgongoni, siku hiyo hiyo anatafuta lori na kuja kumchukua, na studio inafungwa. Kalisti akasema sawa. Wakanigeukia mimi niwe shahidi. Nilikaa kimya, na kimya changu kila mmoja akakihesabu upande wake.

Basi hapo ndipo anapoingia Adela.

Adela alikuwa fundi cherehani, kibaraza chake kikitazamana na studio. Alishona sare za shule mwaka mzima na alizichukia mwaka mzima. Kilichomfurahisha ni gazeti moja la katuni la Dar es Salaam, lililotufikia kwa basi likiwa limechelewa wiki mbili, limekunjwa na limeshasomwa na kondakta. Ndani yake mlikuwa na hadithi ya Binti Chuma, msichana aliyezaliwa ndani ya tanuru la wahunzi, mwenye mguu mmoja wa nyama na mmoja wa chuma, na ule wa chuma ndio aliovunjia milango ya wadhalimu. Adela aliijua kila sura. Alishajishonea joho jekundu la Binti Chuma na kifuani akalipiga vifuniko vya soda vilivyonyooshwa kwa nyundo, mia na zaidi, vinang'aa hadi unafumba macho. Alikuwa akilivaa jioni, akishafunga, anatembea humo kibarazani. Watu walisema amerukwa na akili. Mimi pia nilisema.

Mwezi wa tatu gazeti likatangaza shindano. Wasomaji wavae kama Binti Chuma, wapige picha ya rangi, nje, si studio, waitume kabla ya mwisho wa mwezi wa nne. Picha itakayoshinda itawekwa ukurasa wa mbele, na chini yake jina la aliyevaa na jina la mpiga picha.

Adela alivuka barabara na gazeti mkononi. Nilidhani anakwenda kwa Limbu, maana baiskeli ya Limbu ilikuwa imeegeshwa nje ya mgahawa wangu. Akaipita.

"Kaka Kalisti," alisema, "Limbu atanipiga picha. Wewe utanitengeneza picha. Nataka ya kutengenezwa."

Kalisti aliusoma ukurasa ule mara mbili. Nilimwona anavyoweka kidole kwenye yale maneno, jina la mpiga picha.

"Najua mahali," akasema.

Nikajua anafikiria wapi. Kabla hujafika Mpui, juu ya barabara, kuna tanuru la zamani la kuyeyushia chuma. Wazee waliliita ilungu. Ni mnara wa udongo mwekundu, mrefu kuliko watu wawili, umesimama peke yake kwenye tuta la kilima tangu enzi za babu wa babu yetu. Lori linakushusha barabarani, halafu mtu mwenye miguu miwili anapanda kwa robo saa. Kalisti hakuwa amefika pale kwa miaka kumi.

"Daktari alisema," nikaanza.

"Alisema ninywe maziwa."

"Na Gabriel?"

"Gabriel alisema kwenda na kurudi kwa miguu yangu. Nitakwenda na kurudi kwa miguu yangu." Kisha akanitazama, na kwa mara ya kwanza nilimwona kaka yangu ana hofu. "Wini, nikirudi Mpui nimekwisha. Unanielewa? Sitakufa. Nitakwisha tu. Niachie hii."

Tulikwenda Jumamosi ya tatu ya mwezi wa nne, sisi watatu, juu ya magunia ya mahindi ya mfanyabiashara mmoja. Mimi nilibeba stendi ya kamera na mwavuli. Adela alibeba furushi la Binti Chuma kichwani. Kwenye kamera zilibaki picha nane. Zile nyingine za mkanda ule alikuwa amezipiga kwenye kipaimara ili mkanda usipotee.

Nilisahau jambo moja, na Kalisti naye, mtoto wa mkulima, alilisahau. Mwezi wa nne mashamba ya Ufipa yamejaa ntumba, yale matuta ya duara ambayo watu wamefukia majani chini yake yaoze yawe mbolea. Kilima chote kuanzia barabarani kilikuwa matuta, tuta kwa tuta, na njia ya zamani imelimwa. Gongo la Kalisti lilizama tuta la kwanza hadi nusu. Akalichomoa, likazama la pili. Mimi nikamshika kwapa, akanipiga kiwiko.

"Usinishike!"

Alipanda saa nzima na nusu. Nawaambia nilichokiona. Alikuwa anatupa gongo mbele, anautupa mguu wa chuma baada yake, bawaba inalia, halafu anabaki hapo anahema huku mikono inatetemeka hadi mabega. Mara mbili alianguka kifudifudi, na mara mbili kamera aliinyanyua juu kabla ya uso kufika chini. Adela alikuwa analia kimya kimya na kusema turudi, kaka, turudi. Mimi nilikuwa na hasira tu. Nilimkasirikia yeye, Adela, gazeti, bruda wa misheni na Mungu, kwa mpangilio huo.

Tulipofika juu, mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa milima ya Mbizi. Adela alivaa nyuma ya tanuru. Bibi yetu alikuwa akisema zamani wanawake hawakuruhusiwa kukaribia tanuru likiwa linawaka. Lile halikuwa limewaka kwa miaka mingi mno, lakini bado nilihisi haya. Halafu Adela akatoka. Lile joho jekundu kwenye udongo mwekundu, vile vifuniko kifuani, upanga wa mbao aliopaka rangi ya fedha. Nilimjua toka akiwa msichana mwenye upele, na nilirudi hatua moja nyuma.

Lakini mguu wa chuma alikuwa ameutengeneza kwa debe la mafuta ya kula, amelikata na kulizungushia pajani kwa kamba. Kalisti alisimama kwenye stendi, akaangalia kwenye kamera. Akapiga moja, akapiga ya pili na ya tatu. Ya nne hakuipiga.

"Linaonekana debe," akasema.

"Kaka, ni debe," akasema Adela.

"Ndiyo. Na linaonekana debe. Hata maandishi ya mafuta yanasomeka."

"Watakuwa wengi wenye madebe huko Dar," nikasema mimi. "Piga tuondoke, mvua hiyo."

Kalisti aliangalia mawingu. Kulikuwa na mwanya mdogo upande wa magharibi na jua lilikuwa linakuja kwenye ule mwanya, dakika chache labda, si zaidi. Akashuka taratibu hadi akakaa chini kwenye nyasi, akaweka gongo pembeni, akaanza kufungua mkanda wa kwanza wa chuma chake.

Nilielewa kabla Adela hajaelewa.

"Kalisti, hapana."

Akafungua wa pili.

"Ukikivua utashukaje? Umetumia nguvu zote kupanda. Kalisti! Utashukaje?"

Akafungua wa tatu, akautoa mguu wake. Nilikuwa sijauona mchana kweupe tangu tukiwa watoto. Akamnyooshea Adela chuma.

"Vaa. Bawaba ikae gotini. Kaza hadi iume."

Adela alikikataa. Kalisti akamwambia kwa sauti ya chini, sauti ambayo hakuwahi kunitumia mimi, "Mwanangu, vaa. Jua linakuja." Adela si mwanawe, wamepishana miaka kumi na kitu tu. Akavaa.

Bila chuma kaka yangu hakuweza kusimama kwenye stendi. Alijaribu, nikamwona anajaribu, mguu ukakunjika. Basi akalala kifudifudi kwenye matope kati ya matuta mawili, viwiko vimezama, kamera usoni. Jua likaingia kwenye mwanya. Toka pale chini alipolala, ule mguu wa chuma ulikuwa mbele kabisa, mkubwa, fito zinawaka, na Adela juu yake, na tanuru juu ya Adela limeishika mbingu.

"Inua goti," Kalisti akasema. "Unavunja mlango. Mlango ni mimi. Vunja!"

Adela akakanyaga kwa nguvu zake zote. Nikasikia kamera, na katika sauti hiyo hiyo nikasikia kitu kingine, kama karanga inayobanjwa. Msumari wa bawaba ulikuwa umekatika. Chuma kilipimwa kwa mguu wa Kalisti, si kwa paja la fundi cherehani anayekanyaga cherehani kutwa. Kalisti akapiga nne zilizobaki huku Adela akipiga mayowe na kuomba msamaha. Halafu jua likafunikwa.

"Imepatikana," akasema, kichwa kwenye nyasi. "Moja kati ya hizo imepatikana."

Mvua ikaanza.

Tulikifunga chuma kwa kamba ya debe. Alikivaa, akasimama kwa gongo, akapiga hatua moja, bawaba ikageuka upande, akaanguka. Akajaribu tena. Nadhani alijaribu mara sita. Mwisho mikono ilikataa hata kumwinua akae. Alilala pale mvua inampiga usoni, meno yanagongana, na midomo yake ilikuwa na rangi nisiyoipenda. Kamera ilikuwa salama chini ya joho la Adela.

Nikachutama, nikampa mgongo.

"Hapana, Wini."

"Panda."

"Subiri." Alinishika kanga. "Subiri giza liingie. Saa moja tu, saa na nusu. Leo ni siku ya mnada, barabara imejaa watu wa Mpui. Giza likiingia nipandishe kwenye lori lolote, nani atajua? Wini, mdogo wangu. Saa moja. Nakuomba."

Hakuwahi kuniomba kitu maishani. Alikuwa anadai, anaagiza, anafoka. Nami nilikuwa na mwavuli. Tungeweza kukaa ndani ya lile tanuru, mna nafasi ya watu watatu na hamvuji. Niliwaza hivyo wakati ule ule, si kwamba nimewaza leo. Lakini nilikuwa nimelowa, nimeogopa ile midomo yake, na zaidi ya yote nilikuwa na hasira: kwamba amekivua, kwamba hakuniuliza, kwamba kwa ajili ya jina chini ya picha ananifanya niwe mimi ninayembeba. Nilisema, "Ungefikiria hayo kabla hujafungua mkanda," nikamvuta mikono, nikamtupia mgongoni kama gunia.

Alikuwa mwepesi. Sikutegemea angekuwa mwepesi vile.

Barabarani tulikutana nao wote. Wazee waliotoka mnadani, wanawake wenye vikapu, wachungaji wa ng'ombe. Mtu mwingine angeinamisha kichwa akapita upesi. Ufipani utapitaje bila kusalimu? Nami nimebeba mtu, siwezi kuinama, mikono yangu imeshika mapaja yake. Nilisimama mbele ya mzee wa kwanza nimeduwaa, sijui nifanye nini. Ndipo nikasikia, juu ya masikio yangu, makofi. Kalisti alikuwa ameachia shingo yangu, ananing'inia kwa nguvu za mikono yangu tu, anapiga makofi taratibu, kwa niaba yetu wote wawili.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Habari za huko mtokako?"

"Nzuri."

"Huyo si Kalisti wa Mpui? Mbona mgongoni? Anaumwa?"

Na salamu zetu hazikatwi katikati. Kila mmoja ilibidi aulize, na kila mmoja ilibidi ajibiwe. Tulisimama mara nane au tisa kabla lori halijapita. Kila mara makofi yalikuwa madogo zaidi. Wa mwisho alikuwa Mama Coleta, jirani wa Gabriel, ukuta kwa ukuta. Alishika mdomo, akasema, "Masikini mwanangu, wamekubeba kama mtoto." Kalisti akampigia makofi naye, akamuuliza habari za nyumbani, akamuuliza na habari za Gabriel. Mgongoni kwangu nilihisi kifua chake kinavyopanda na kushuka. Sikugeuka kumtazama.

Gabriel alikuja Jumanne na lori. Hakufoka. Alikaa mlangoni pa studio na kofia gotini, akasema, "Tulikubaliana," na Kalisti akasema, "Tulikubaliana." Alichokiomba ni siku mbili tu, mkanda urudi toka Mbeya, kwa kuwa picha za rangi tulikuwa tunazisafishia huko. Gabriel akampa. Alhamisi basi likaleta bahasha. Kalisti aliziangalia picha nane kwa kioo cha kukuzia, saba akazirudisha kwenye bahasha, moja akampa Adela. Nyuma yake aliandika kwa kalamu ya risasi, mkono ukitetemeka: Kalisti Sikazwe, mpiga picha, Sumbawanga. Adela akakimbia posta. Siku hiyo hiyo, mchana, kaka yangu alipanda lori la Gabriel. Pazia la ndege tulilikunja tukalitia chini ya magunia.

Chuma kilichomelewa baadaye na fundi wa soko. Kilipona. Mikono haikupona, na bila mikono gongo ni kipande cha mti.

Gazeti lilikuja mwezi wa nane, likiwa limechelewa wiki mbili kama kawaida. Adela aliingia mgahawani analia na kucheka, akalitandaza mezani kwenye maharage ya wateja. Ukurasa wa mbele wote. Ulikuwa mguu, halafu upanga, halafu mbingu. Chini, kwa herufi ndogo lakini zinazosomeka, jina lake na jina la kaka yangu, na Sumbawanga. Wiki ile walikuja watu watatu kumuulizia, mmoja toka Namanyere kabisa, anataka picha za harusi, nje, za kutengenezwa. Limbu mwenyewe alikuja kusimama mlangoni akauliza zile fito ziliwakaje vile. Niliwajibu wote kwamba amesafiri. Chumba cha studio nilikuwa nimeshakitia meza mbili za mgahawa na benchi. Kodi ilikuwa inakwenda bure, nilijiambia.

Jumapili nilipanda lori kwenda Mpui na gazeti ndani ya kanga.

Nilimkuta uani, kwenye kiti cha ngozi, mbele ya mkeka wa ulezi, na fimbo ndefu. Alikuwa amenenepa kidogo. Chuma hakuwa amekivaa. Kilikuwa kimetundikwa msumarini, ukutani. Nilichutama, nikapiga makofi, nikamwamkia vizuri, nikampa gazeti.

Aliliangalia muda mrefu, akalisogeza karibu, akalisogeza mbali.

"Wamekata juu," akasema. "Tanuru wamelikata kichwa. Nani aliwaambia wakate?"

"Jina lako lipo, kaka. Hapa chini."

"Nimeliona." Akacheka kidogo. "Basi mguu wangu umefika Dar es Salaam."

Nikacheka naye, na katika kucheka kule mbuzi wawili wakaingia kwenye ulezi. Kalisti aliinua fimbo. Ikafika nusu, mkono ukatetemeka, fimbo ikalala mapajani. Niliinuka mimi, nikawafukuza mbuzi hadi nje ya ua, nikawatupia na mawe wasiyoyahitaji. Niliporudi alikuwa ameliinua gazeti usoni, amejifunika nalo, kana kwamba anasoma.

Sikuwa nimepanga kusema. Nilisema tu.

"Kaka, siku ile ningesubiri giza."

Gazeti halikushuka.

"Ungesubiri, Wini," akasema nyuma ya gazeti.

Jua lilikuwa bado juu, na lori la kurudi mjini lilisikika barabarani likipiga honi. Sikulifuata. Nilikaa chini kando ya kiti chake, nikasubiri naye hadi giza likaingia.